Fundo la Isale kwenye Geti la Baba Mkubwa

Machame, 10 Juni 2024

Shangazi Tabitha, shikamoo.

Huku wote wazima kadiri ya umri wa kila mmoja. Baba anakusalimu. Bado anasinzia redio ikiwa wazi, na ukiizima anaamka kukukaripia. Mama anaumwa goti siku za ibada, na siku za harusi linapona lenyewe. Ng'ombe amezaa ndama dume, na nyumba nzima ilinuna utafikiri tumefiwa.

Nakuandikia kwa mkono kama ulivyoagiza, kwamba simu yako ni ya misiba tu. Barua hii nitampa kondakta wa basi la Songea pale Bomang'ombe. Ameniahidi kuifikisha, ila alikuwa anatafuna muwa wakati anaahidi, kwa hiyo sina uhakika.

Sasa jambo lenyewe. Nimechaguliwa mwenyekiti wa vijana wa usharika. Nilichaguliwa nikiwa sipo, nimetoka nje kupokea simu, ndivyo wanavyofanya hapa. Nimeona kabla sijaitwa kazini popote niache jambo moja la kukumbukwa, nikapanga safari ya miguu: vijana wote, mwisho wa Agosti, tushuke hadi maporomoko ya Ngarisi. Wengi wamezaliwa hapa na hawajawahi kuyaona, wanayajua kwa picha za watalii. Mchungaji amekubali kwa sharti kwamba nieleze historia ya mahali pale, na historia hiyo iwe ya kujenga imani. Mimi najua tu kwamba kina bibi walijificha nyuma ya maji wakati wa vita vya wamangi, machifu wetu wa zamani. Naomba unisaidie.

Kuna jingine dogo. Njia ya kushukia inapita katikati ya kihamba cha Baba Mkubwa Eliaichi, kwenye migomba na kahawa yake, na ameiziba kwa miiba tangu mwaka jana, vijana wa usharika mwingine walipopita wakakanyaga miche yake ya kahawa huku wakijipiga picha. Amefuga na mbwa, anamwita Mwinjilisti kwa sababu akianza kubweka anakesha. Nimemwendea, hata kunikaribisha kukaa hakunikaribisha. Nikawaza, wewe ni dada yake. Ukimwandikia mistari miwili tu, hawezi kukataa.

Mwanao,
Hellen


Songea, 2 Julai 2024

Hellen mwanangu, marahaba.

Barua yako ilifika ikiwa na alama ya muwa. Mimi mzima. Magoti yangu mawili hayana dini, yanauma siku zote sawasawa. Mahindi ya huku tumevuna vizuri. Yule mama jirani niliyemzalisha mapacha amewapa majina, mmoja Tabitha, na huyo ndiye mkorofi.

Historia ya Ngarisi ninayo, lakini sijui kama itajenga imani ya mtu. Ni kweli wanawake wa ukoo wetu walijificha kwenye pango nyuma ya maji, na watoto na mbuzi, maadui walipopanda kutoka chini. Maadui walichoka, wakaondoka. Ambalo hawakuambii ni kwamba wanawake walijua wameondoka. Walichungulia wakawaona wakienda. Wakakubaliana kukaa humo siku chache zaidi, kwa sababu walisikia wanaume huko juu wameanza kupika wenyewe. Bibi yetu alituambia alipokuwa anamenya ndizi za supu ya mtori, na alicheka mpaka akaacha kisu. Mwambie mchungaji wako hiyo ndiyo imani: kutulia mahali ukijua umeshaokoka.

Kuhusu yule mtu mwenye mbwa, hapana.

Najua unaniona mzee mwenye kinyongo cha nyama. Watu wa huko ndivyo wanavyosema, eti Tabitha alikimbia nyumbani kwa ajili ya kidari cha mbuzi. Sasa nakueleza mara moja, na usiniulize tena. Katika ukoo wetu, mbuzi wa Krismasi akichinjwa, kidari ni cha dada wa boma. Mimi sikuolewa. Sina boma la mume la kwenda kuitwa mama fulani. Nimezalisha watoto wa watu miaka yote, wangu sina. Kile kipande cha nyama ndicho kilichokuwa kinaniambia kila Desemba kwamba bado nina kwetu. Eliaichi akakikata mbele ya watu akampa shemeji yake wa Arusha, kwa kuwa alikuja na gari. Nilipouliza akasema, "Tabitha ana watoto gani wa kuwapelekea?" Watu wakacheka. Nikapanda basi kesho yake, na sijarudi Krismasi hata moja, mwaka wa kumi na moja huu.

Kwa hiyo simwandikii mistari miwili wala mmoja. Siku akiniomba radhi, nitakuja. Tafuteni njia nyingine, au mteremke kwa kamba.

Shangazi yako asiyekuwa na hasira hata kidogo,
Tabitha


Machame, 25 Julai 2024

Shangazi yangu, shikamoo.

Mtori wa bibi na kile kisa cha pangoni vimetuchekesha hadi Baba akaamka. Mchungaji nimemsomea nusu ya kwanza tu.

Mama anasema umtafutie mchele wa huko kwenu. Ndama dume ameuzwa sokoni Kwa Sadala, tumeacha kununa. Mvua za baridi zimeanza kupungua, mlima unaonekana asubuhi.

Njia ya Ngarisi imefunguliwa. Baba Mkubwa ametoa miiba mwenyewe. Mungu ana namna zake, Shangazi, na sisi ni nani tuulize sana. Mwinjilisti amefungwa kamba. Tumeshapita mara mbili kukagua na tumepewa maziwa ya mgando.

Nimeagiza mabuti mjini Moshi. Denis anakusalimu, yule mtoto wa Baba Mdogo aliyezaliwa Mbezi, Dar es Salaam. Yuko huku likizo na anasaidia sana kuweka alama za njia. Labda anasaidia kupita kiasi. Sina mengine.

Mwanao,
Hellen


Songea, 14 Agosti 2024

Hellen,

Salamu utazikuta mwishoni kama nitakuwa nimepoa.

Yuditha binamu yangu amenipigia simu. Nikajua ni msiba, nikakaa chini kabisa. Akaniambia, "Hongera, dada, umefanya jambo kubwa." Nikamuuliza jambo gani. Akasema Eliaichi alisimama kanisani wakati wa matangazo, kati ya mnada wa mazao na mwavuli uliopotea, akawaambia washarika wote kwamba dada yake Tabitha amemletea isale la kuomba radhi, na yeye amempokea na amemsamehe kwa moyo wote. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akaimba pambio.

Amenisamehe mimi. Mimi ndiye niliyekosa. Krismasi kumi nakula wali wangu na redio, kumbe nilikuwa nasubiri kusamehewa.

Wewe unajua isale ni nini. Hata mtoto wa chekechea wa huko anajua kwamba jani la isale likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu, ni kumwomba radhi, na anayepelekewa hawezi kukataa. Nimeisoma tena barua yako ya Julai. Mungu ana namna zake, uliandika. Denis anasaidia kupita kiasi, uliandika. Nimezalisha wasichana wengi waliokuwa wananiambia wana tumbo la chakula, kwa hiyo nakujua ukificha kitu.

Nieleze, na unieleze lote.

Sijapoa.
Tabitha


Machame, 1 Septemba 2024

Shangazi, shikamoo, na naomba uketi.

Nilikwenda mjini kwa ajili ya mabuti, nikawaachia vijana kazi ya kuweka alama njiani. Tulipanga kutumia utepe mwekundu. Utepe haukutosha. Denis akaona majani marefu ya kijani yamejipanga kwenye mipaka ya vihamba vyote, akadhani ni maua tu. Akakata ya kutosha, akawa anafunga fundo moja kila njia inapokata kona. Kona moja iko getini kwa Baba Mkubwa. Akafunga pale pia, fundo zuri kabisa. Wenzake waliojua walikuwa nyuma wanakula miwa. Nilipomuuliza alisema, "Da Hellen, mimi niliona zinapendeza tu, freshi." Kwa kijana wa Mbezi isale ni ua la hotelini.

Asubuhi Baba Mkubwa akaniita. Nilimkuta amevaa koti la kanisani juu ya suruali ya shambani, jani liko mkononi. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama limetoka Songea. Naapa sikusema ndiyo, Shangazi. Nilikohoa. Vumbi lilikuwepo. Yeye akageuka akaanza kutoa miiba kwa mikono, na nilipoona njia inafunguka nikashindwa kufungua mdomo. Nilijiambia nitamweleza kesho. Kesho ilikuwa Jumapili.

Barua yako iliponifikia nilikwenda kumwambia. Alikuwa anawakatia ng'ombe migomba. Nilimweleza yote, Denis, utepe, kukohoa kwangu. Hakuacha kukata. Akasema, "Nilijua tangu asubuhi ile. Lile ni fundo la kamba ya viatu. Tabitha angeleta isale angenichapa nalo kwanza."

Nikamuuliza kwa nini basi alitangaza kanisani. Hapo akaweka panga chini. "Nina miaka sabini na minne, mwanangu," akasema. "Ningesubiri la kwake ningelisubiria kaburini. Nilitangaza mbele za watu ili nisiweze kurudi nyuma."

Nikasema lakini yeye ndiye aliyekosa, kwa nini asikuletee wewe isale. Akaniambia hilo nisimuulize, akaendelea na migomba. Lakini nilimwona akikata hata ile iliyokwisha kukatwa.

Safari tulikwenda jana. Vijana wote walifika chini wazima isipokuwa Jackson mpiga kinanda, aliyeteleza akakaa kwenye matope mbele ya wanakwaya wote wa sauti ya kwanza. Niliwasimulia kisa cha wanawake wa pangoni, chote, hata wanaume waliopika. Mchungaji alicheka kuliko wote, kisha akatuomba tusimwambie mkewe. Baba Mkubwa alitusindikiza mpaka ukingoni mwa kihamba, akabaki. Alisema hajashuka huko tangu mlipokuwa mnachota maji wawili.

Nisamehe. Sina isale la kukutumia, maana lingefika limekauka.

Hellen


Songea, 6 Oktoba 2024

Hellen mwanangu, marahaba.

Kuna joto. Nimepaka chokaa ukuta wa nyuma. Tabitha mdogo ameota meno mawili na amemng'ata mwenzake.

Mchele wa mama yako umeshapatikana, nitatafuta wa kumpa.

Nimeisoma barua yako.

Yule mtu mwenye mbwa bado anakohoa usiku kama zamani? Alikuwa anakohoa sana kipindi cha ubaridi tulipokuwa wadogo, nikawa nalala na mto juu ya kichwa. Na hilo koti la kanisani, ni lile la kahawia lenye mfuko uliochanika? Halafu huyo mtu wa miaka sabini na minne anakata migomba mwenyewe, vijana wako wapi? Nauliza tu kama muuguzi.

Mwambie Denis simdai kitu. Ila ajifunze majani.

Tabitha


Singida, 17 Novemba 2024

Shangazi, shikamoo.

Utaona ninaandika kutoka Singida. Nimepata kazi ya kujitolea kufundisha sekondari, vipindi vya fizikia ambavyo hakuna aliyevitaka. Upepo wa huku unaingia hadi kwenye uji. Nyumba tumepangishwa walimu watatu, na mmoja anaimba akiwa usingizini. Krismasi sitakwenda nyumbani, tutabaki na wanafunzi wa mitihani. Mchagga kubaki Singida Desemba, wenzake wote wakiwa wamerudi kwao, Mama ameniambia nisimwambie mtu.

Koti ni lile lile la kahawia, mfuko umeshonwa na uzi mweupe. Anakohoa. Vijana wake wako Dar na wanampigia simu ya picha wakimwonyesha magari yao.

Mama amenieleza jambo jingine, na nakuletea kama nilivyolipokea. Tangu mwezi uliopita, Baba Mkubwa anashuka Kwa Sadala siku zote ambazo basi la Songea hupita. Anasema anakwenda kununua chumvi. Anakaa kwenye benchi la fundi viatu mpaka basi lipite, anatazama wanaoshuka, kisha ananunua chumvi na kupanda. Mama anasema mle ndani sasa kuna chumvi ya kukaushia ng'ombe mzima. Watu wameshajua, lakini hakuna anayemtania, na unajua watu wa kwetu kwa kutania.

Mimi sikuombi kitu, Shangazi. Ulisema siku akiomba radhi utakwenda, na hajaomba, hilo najua. Nimekuandikia tu habari ya chumvi.

Mwanao,
Hellen


Machame, 27 Desemba 2024

Hellen mwanangu,

Umeona mahali ilipoandikwa, basi usijifanye unashangaa. Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa.

Sikuteremka Kwa Sadala. Nilimwambia dereva anishushe mbele, nikapanda kwa bodaboda, kwa sababu sikutaka kukutana na mtu juu ya benchi la fundi viatu mbele ya soko zima. Nilifika getini, Mwinjilisti akanihubiria na kunichania begi. Eliaichi akatoka. Akanitazama sana. Akasema, "Umenenepa." Nikamwambia, "Wewe umefupika." Hizo ndizo salamu za miaka kumi na moja. Akachukua begi lililochanika akaingia nalo ndani.

Mama yako alilia, goti likapona papo hapo. Baba yako aliamka, akauliza nani amezima redio.

Krismasi mbuzi alichinjwa. Kidari nilipewa, kwenye sahani, mbele ya watu, na hakuna aliyecheka. Kilikuwa kigumu kama kandambili. Nimekila chote. Nilidhani nikikipata nitasikia kitu kimerudi mahali pake, lakini nilisikia taya tu. Usiku huo nililala chumba cha zamani nikawaza nimesafiri mbali kiasi hicho, na bado hajasema. Sikufichi kwamba hilo ndilo nililolitaka, neno lenyewe kutoka mdomoni mwake. Nikaamua nitaondoka tarehe ishirini na nane kama sijalipata.

Jana akaniambia twende Ngarisi. Mama yako akasema wazee wawili mtavunjika viuno na hakuna atakayewabeba. Tukaenda. Tulitumia muda mrefu. Mahali penye utelezi alinishika mkono, halafu ikawa mimi ndiye niliyemshika yeye, na hakuna aliyetaja mabadiliko hayo. Njiani tulizungumza habari za migomba na za nani amekufa.

Tukafika chini kabisa, pale maji yanapogonga mwamba na unalowa bila kuguswa. Hellen, mlima huu una mahali pengi pa kuzungumza. Kaka yangu akachagua pale. Alivua kofia, akasimama mbele yangu, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu sana. Niliona mdomo unakwenda, niliona anasita na kurudi nyuma na kuanza tena, niliona anajifuta macho, ingawa pale kila mtu uso umelowa na siwezi kuapa. Sikusikia hata neno moja. Maji yalikuwa yanaunguruma kuliko mashine ya kusaga. Pengine alikuwa anataja lile jambo. Pengine alikuwa ananiambia viatu vyangu si vya safari.

Ningeweza kumshika mkono tusogee juu kidogo, nikamwambia arudie. Nilitaka kufanya hivyo, usidhani mimi ni mtakatifu. Lakini namjua Eliaichi. Alilisema pale kwa sababu pale ndipo alipoliweza.

Alipomaliza akabaki ananitazama, kofia mkononi, anangoja.

Nikamwambia, "Nimesikia."

Akaitikia kwa kichwa, na najua kabisa kwamba naye hakunisikia.

Shangazi yako,
Tabitha